Nasaba ya Kioo: Historia ya Skrini Bapa Hadi Mpaka wa Lunga Lunga

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipogawana Afrika Mashariki, zilianza kuchora mpaka wao kwenye mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, kisha mstari ukapanda kuelekea Kilimanjaro na Ziwa Viktoria. Wadigo na Wasegeju, waliokuwa wakilima, wakivua na kuoana pande zote, wakajikuta chini ya serikali mbili. Mji wa Lunga Lunga unaishi kwa mstari huo. Ukitoka Likoni ukapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, lami inakufikisha hapo. Ukivuka unaingia Horohoro, na safari ya Tanga inaendelea.

Miaka miwili baada ya mpaka huo kuchorwa, mwaka 1888, mtaalamu wa mimea wa Prague aitwaye Friedrich Reinitzer alikuwa akichunguza kemikali iliyotokana na kolesteroli ya karoti. Aliipasha moto. Ilipofika nyuzi 145.5 za Selsiasi iliyeyuka, lakini majimaji yake yalikuwa na ukungu. Ilipofika nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka ghafla, yakawa maangavu. Kitu kimoja kilikuwa na viwango viwili vya kuyeyuka, jambo ambalo elimu ya wakati ule haikulijua. Reinitzer akamwandikia mwanafizikia Mjerumani Otto Lehmann, aliyekuwa na hadubini yenye kipasha joto. Lehmann akabaini kwamba katikati ya viwango hivyo viwili kitu hicho hutiririka, ilhali molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu wa fuwele. Hizo ndizo fuwele za kimiminika.

Leo zao la ugunduzi huo limeenea Lunga Lunga nzima: kwenye madawati ya forodha, kwenye vibanda vya gemu, madukani na sebuleni. Mnunuzi anapoingia dukani huulizia inchi na bei. Lakini inchi hazimwambii kama rangi zitabadilika akikaa pembeni, wala kama mchezaji wa gemu atabonyeza sasa na kuona matokeo baadaye. Mambo hayo hutegemea aina ya kioo na jinsi skrini inavyoshughulikia picha kabla ya kuionyesha, na yote mawili yana historia. Kila ukoo wa vioo ulizaliwa ili kutatua shida fulani, ukarithi shida nyingine. Anayeijua nasaba hiyo hanunui gizani.

Zama za chogo

Matangazo ya televisheni yalianza Nairobi mwaka 1962. Kituo cha Mombasa kilifunguliwa 1970. Zanzibar, chini ya Rais Aboud Jumbe, ilianzisha televisheni yake mwaka 1973, tena ya rangi, wakati Kenya ilingoja hadi 1978 kuonja rangi. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni kwa uamuzi wa serikali ya Mwalimu Nyerere, na vituo vya kwanza vya watu binafsi vilianza huko mwaka 1994 tu. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka 20, mtu wa Lunga Lunga aliishi kati ya nchi yenye runinga na nchi isiyokuwa nayo, na ng'ambo ya bahari kulikuwa na visiwa vilivyozitangulia nchi zote mbili kwa rangi.

Runinga za enzi hizo ndizo tunazoziita za chogo. Ndani ya chogo kulikuwa na mrija wa kioo uliotolewa hewa yote. Nyuma ya mrija, chombo kilifyatua elektroni, na sumaku zikazielekeza kwenye uso wa mbele uliopakwa kemikali zinazotoa mwanga, nao ukang'aa pale elektroni zilipogonga. Kwa mfumo wa PAL uliotumika kwetu, picha moja ilikuwa na mistari 625, na picha 25 zilichorwa kila sekunde. Mstari mmoja ulichukua sehemu 64 za milioni ya sekunde.

Hapa pana jambo la kushika, maana historia yote ya ukawiaji wa picha inaanzia hapa. Runinga ya chogo haikuwa na kumbukumbu. Haikuweza kuihifadhi picha, kuitazama upya wala kuirekebisha. Umeme ulioingia kutoka kwenye antena au kwenye waya wa gemu ulichorwa papo hapo, mstari kwa mstari. Kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kuiweka picha, hakukuwa na mahali pa kuichelewesha.

Lakini chogo lilikuwa na gharama zake. Lilikuwa zito, lilikula stima, na kioo chake kilichanganywa na risasi ili kuzuia mionzi. Nyumba isiyo na stima iliendesha runinga ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe kwa betri ya gari. Maabara za dunia zikaanza kutafuta skrini nyembamba inayotumia umeme kidogo, wala hakuna aliyejua kwamba wepesi wa picha, uliokuwa ukipatikana bure, ungepotea njiani.

Koo tatu

Fuwele za kimiminika zilikaa maabara kwa miaka 80 bila kazi kubwa. Mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani ilionyesha hadharani skrini zilizotokana nazo, kazi iliyoongozwa na George Heilmeier, lakini haikuwa na subira ya kuziendeleza. Mwezi Desemba 1970, huko Uswisi, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich waliandikisha hataza iliyozaa ukoo wa kwanza, unaojulikana kwa herufi TN.

Katika kioo cha TN, fuwele huwekwa kati ya vipande viwili vya kioo, na molekuli zake zimejisokota nyuzi 90 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mbele na nyuma kuna vichujio vya mwanga vilivyopishana. Bila umeme, msokoto huugeuza mwanga ukapita. Ukipitisha umeme, molekuli hunyooka na mwanga huzuiwa. Kila nukta, kwa namna hii, ni pazia dogo linalofunguka na kufunga mbele ya taa.

George Gray wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, akaleta miaka ya 1972 na 1973 fuwele zilizodumu na kufanya kazi katika joto la kawaida la chumba, na mwaka huohuo wa 1973 Sharp ya Japani ikauza kikokotoo cha mfukoni EL-805 chenye skrini ya fuwele. Kupanua skrini hadi ukubwa wa runinga kulihitaji transista ndogo nyuma ya kila nukta. Peter Brody alilionyesha hilo Marekani katika miaka ya 1970. Mwaka 1979 watafiti wa Dundee, Uskoti, wakaonyesha kwamba transista hizo zinaweza kutengenezwa kwa silikoni ya bei nafuu iliyopakwa juu ya kioo. Mwaka 1988 Sharp ikatoa skrini ya rangi ya inchi 14, na hapo ikawa wazi kwamba siku za chogo zinahesabika.

TN ilikuwa rahisi kutengeneza na molekuli zake ziligeuka haraka. Ila iliikabili dunia kwa uso mmoja tu. Ukiitazama kutoka chini, palipo peusi panaweza kugeuka peupe na sura za watu zikaharibika. Kwa saa ya mkononi au kikokotoo haikuwa shida, kwa kuwa mtazamaji ni mmoja na huiinamia mwenyewe. Kwa runinga inayotazamwa na ukumbi mzima, ni kasoro kubwa.

Ukoo wa pili, IPS, ulizaliwa kutokana na kasoro hiyo. Günter Baur na wenzake wa taasisi ya Fraunhofer mjini Freiburg, Ujerumani, waliweka msingi wake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Hitachi ya Japani ikaufikisha sokoni katikati ya muongo huo. Katika IPS molekuli hulala sambamba na kioo na kuzunguka zikiwa zimelala. Ukikaa kushoto, kulia au chini, rangi hubaki karibu zilezile. Zamani iligeuka polepole kuliko TN na kutumia umeme zaidi, ingawa za kisasa zimefuta sehemu kubwa ya pengo hilo. Udhaifu wake uliobaki ni weusi: kwa kawaida sehemu nyeupe ya picha hung'aa mara 1,000 hivi kuliko sehemu nyeusi, na chumba kikiwa na giza unaona kwamba weusi ule ni kijivu.

Ukoo wa tatu ni VA, uliofikishwa sokoni na Fujitsu katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Hapa molekuli husimama wima bila umeme na kuuziba mwanga barabara. Weusi wake ni weusi kweli, na tofauti ya mwanga na giza hufika mara 3,000 na zaidi. Lakini molekuli hukawia zinapotoka kwenye weusi kwenda kijivu, ndiyo maana kitu cheusi kinachokimbia huacha mkia nyuma yake. Ukikaa pembeni, rangi hufifia.

Kwa hiyo koo hizi hazikupangwa kwa ubora, wa kwanza chini na wa tatu juu. TN ilitafuta wepesi na bei, IPS ikatafuta usawa wa rangi kwa kila mtazamaji, VA ikatafuta giza. Hakuna uliopata vyote.

Skrini zinafika mpakani

Katika robo ya mwisho ya mwaka 2007, runinga za fuwele za kimiminika, yaani LCD, zilizouzwa duniani zilizipiku za chogo kwa mara ya kwanza. Kwetu mabadiliko yalikuja kwa milango kadhaa.

Mlango wa kwanza ulikuwa ofisi. Mwaka 2005 Mamlaka ya Ushuru ya Kenya ilizindua mfumo wa Simba, na kazi ya forodha ikaanza kuhama kutoka kwenye makaratasi kwenda kwenye kompyuta. Afisa anayesoma hati za mizigo kutwa hahitaji kasi ya gemu. Anahitaji herufi zilizonyooka na mwanga usiochosha macho.

Mlango wa pili ulikuwa shule. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza 2002, lilikusanya kompyuta zilizotumika na kuzipeleka madarasani. Baada ya hapo skrini bapa za mtumba zikawa bidhaa ya kawaida madukani. Kwa kuwa TN ndiyo iliyotawala kompyuta za bei nafuu za miaka hiyo, nyingi kati ya hizo zilikuwa za ukoo huo. Mwanafunzi aliyeketi mbele aliona vizuri, na wenzake wawili walioegemea pembeni waliona rangi nyingine.

Mlango wa tatu ulikuwa uhamaji wa matangazo kutoka analojia kwenda dijitali. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya zamani Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na Tanga ikafuata mapema 2013. Kenya ilifika huko baada ya mabishano makali mahakamani. Uzimaji ulianzia Nairobi, maeneo mengine yakafuata, na kuanzia Februari hadi mwanzoni mwa Machi 2015 vituo vikubwa vya binafsi vilitoweka hewani. Kwa hiyo mpaka wa Lunga Lunga ulikuwa kwa muda mpaka wa enzi mbili za runinga. Wengi waliolazimika kununua king'amuzi waliona heri wabadilishe na runinga yenyewe, na machogo yakaanza kusukumwa stoo.

Pale ambapo chogo lilikuwa bora

Waliogundua kilichopotea ni vijana wa vibanda vya gemu. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, ikawa mtambo wa gemu uliouzwa zaidi kuliko yote duniani, na mitambo yake iliendelea kufanya kazi vibandani miaka mingi baada ya warithi wake kutoka. Ilichomekwa kwenye runinga ya chogo kwa nyaya tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe. Kisha mwenye kibanda akanunua skrini bapa, kubwa na ya kupendeza. Gemu ikawa ileile na pedi ileile, lakini mpira ukawa mzito mguuni. Mchezaji anabonyeza kupiga shuti, beki keshafika.

Sababu inaeleweka ukifuata safari ya picha. PS2 ilitoa nusu picha 50 kila sekunde, mistari isiyo shufwa kwanza, kisha ya shufwa, maana ndivyo chogo lilivyochora. Skrini bapa haichori nusu picha. Lazima izipokee nusu hizo, izihifadhi, izilinganishe na kuziunganisha. Kila nusu huchukua milisekunde 20 kufika, kwa hiyo ikisubiri mbili au tatu tayari imekawia milisekunde 40 hadi 60. Baada ya hapo lazima ivute mistari 576 ya picha ijaze nukta 768 au 1,080 za kioo, isafishe chengachenga, ikoleze rangi na kulainisha mwendo. Runinga nyingi za miaka hiyo zilikawia zaidi ya milisekunde 50, na baadhi zilivuka 100, ambayo ni sehemu ya kumi ya sekunde.

Kosa halikuwa la fuwele peke yake. Hapa pana mambo mawili yanayochanganywa hadi leo. Kuna muda wa nukta kugeuka kutoka rangi moja hadi nyingine, ambao hutegemea ukoo wa kioo na huonekana kwa macho: ukiwa mrefu, vitu huacha mkia. Halafu kuna ukawiaji, yaani muda unaopita tangu picha iingie kwenye skrini hadi ianze kuonekana. Huu hutegemea saketi zinazoichakata picha, na huhisiwa na kidole zaidi ya jicho. Boksi linapoandika milisekunde 1, karibu kila mara linazungumzia lile la kwanza. Skrini inaweza kugeuza nukta zake upesi sana na bado ikakuonyesha picha iliyochelewa.

Kuna na jambo la tatu, la mpira. Bao likifungwa, jirani mwenye redio hushangilia kwanza, wa king'amuzi cha antena hufuata, wa dishi huja nyuma. Katika mji wa mpaka, ambako ving'amuzi vya Kenya na vya Tanzania vinaishi mtaa mmoja, kelele za bao hutoka nyumba moja baada ya nyingine. Setilaiti ya matangazo iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka tu huchukua robo ya sekunde. Kubana na kufungua picha huongeza sekunde nzima na zaidi. Huo si ukawiaji wa skrini yako, na hakuna skrini utakayonunua itakayouponya.

Mtandao nao ulikuwa na kuchelewa kwake. Hadi 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti, na ujumbe kwenda na kurudi ulichukua zaidi ya nusu sekunde. Kebo za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa katikati ya mwaka huo, kucheza gemu na mtu aliye mbali kukawa jambo la maana. Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow, alijipatia jina katika gemu ya mapigano ya Tekken 7 na mwaka 2018 akasajiliwa na timu ya XiT Gaming. Gemu hiyo huchora picha 60 kwa sekunde, na pigo la haraka huhesabiwa kufika kwa picha 10, yaani milisekunde 167 hivi. Skrini inayokawia milisekunde 100 imekula picha 6 kati ya hizo 10 kabla mchezaji hajaona chochote. Kwake hilo huamua pambano.

Watengenezaji walichukua muda kulikiri tatizo. Gemu za muziki ndizo zilizowabana, kwa sababu mchezaji akipiga nje ya mdundo haiwezekani kumwambia ni masikio yake. Mwaka 2008 gitaa la Rock Band 2 liliuzwa likiwa na kihisi cha mwanga na cha sauti ili lipime lenyewe ukawiaji wa runinga. Runinga zikaongezewa modi ya gemu, inayozima urembo wa picha ili picha ipite haraka. Mwaka 2013 Nvidia ikaja na G-Sync, inayoifanya skrini iifuate kadi inayochora picha badala ya kuisubirisha, na mwaka 2017 HDMI 2.1 ikaruhusu runinga kuingia modi ya gemu yenyewe. Runinga nyingi nzuri za leo hukawia milisekunde 10 hadi 15 katika modi hiyo, na skrini za kompyuta za kasi hushuka chini ya 5. Ilichukua kizazi kizima kuukaribia wepesi uliokuwa ndani ya chogo.

Kununua kwa kujua

Kwa hiyo anza na kazi, kisha tafuta ukoo. Kibanda cha kuonyesha mpira, chenye mabenchi hadi pembeni, kinahitaji IPS. VA itawapunja walioketi kando. Sebule inayotazama filamu usiku, taa zikiwa zimezimwa, itaufurahia weusi wa VA. Ofisi na darasa zitafute IPS, hata iwe ndogo. TN imebaki na nafasi yake kwa mchezaji mmoja anayeketi mbele na mwenye pesa kidogo.

Dukani, omba skrini iwashwe. Inama uitazame kutoka chini: weusi ukigeuka weupe, hiyo ni TN. Nenda pembeni: rangi zikififia, huenda ni VA, zikibaki, ni IPS. Usiliamini jina la modeli peke yake, maana kuna kampuni zinazobadilisha aina ya kioo chini ya jina lilelile. Kwa gemu, washa modi ya gemu kabla ya kuhukumu. Ukiwa na simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde, rekodi kidole kinachobonyeza pamoja na skrini, kisha hesabu picha zilizopita kabla mchezaji hajasogea. Kila picha ni milisekunde 4 hivi. Hesabu hiyo hubeba na ukawiaji wa gemu yenyewe, lakini ukirudia jaribio lilelile kwenye skrini mbili utajua iliyo nyepesi.

Mnunuzi asingepaswa kufanya kazi hii peke yake. Tangu kanuni za mwaka 2016, majokofu na viyoyozi vinavyouzwa Kenya vinatakiwa kubandikwa lebo inayoonyesha vinavyokula umeme, na mtu asiye mhandisi huisoma akaelewa. Skrini nayo yastahili lebo ya aina hiyo, yenye mistari miwili tu: aina ya kioo, na ukawiaji kwa milisekunde ukiwa umepimwa katika modi ya gemu. Viwanda vinayajua yote mawili kabla boksi halijafungwa. Mwenye kibanda wa Lunga Lunga anayeweka akiba ya mwaka mzima kununua skrini moja ana haki ya kuyajua kabla hajatoa pesa.